Shemeji Anasikia Sauti, Mama Mkwe Anamuuliza Imesema Nini

Admin, jina langu lisionekane, wakwe zangu wamejaa kwa hii page. Mimi ni nesi, miaka 34, nafanya kazi wadi ya wagonjwa wa akili hapa Kisumu, naishi Kaloleni na mume wangu. Huko wadi wananisikiliza. Kwa familia yangu hakuna wa kunisikiliza, na nimechoka jamani!

Mdogo wa mume wangu anasikia sauti ya marehemu baba yao. Mimi ndiye nilimpeleka hospitali, akapewa dawa, akatulia, akarudi kwa mama yake Nyakach akichunga ng'ombe na kutaniana na watu. Shida ni kwamba hiyo sauti ilikuwa inalalamika mume wangu hajajenga boma, na yeye ndiye mkubwa. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa wake. Basi! Wazee wa ukoo wakasema kijana si mgonjwa, ni baba anadai haki. Mama mkwe akamwachisha dawa, eti zinamfunga mzee mdomo. Mume wangu akakimbia kununua mabati.

Sasa kila asubuhi mama akimpa uji anamuuliza, "Baba yako amesema nini leo?" Haki ya Mungu! Mimi nikiwa kazini, mgonjwa wa hivi namwambia, "Hiyo sauti siisikii, lakini najua wewe unaisikia na inakusumbua." Simbishii, na pia siitumii salamu. Hawa wanaikaribisha chai! Wameiuliza mpaka ng'ombe gani auzwe.

Jumapili nilienda, nikamkalisha kando, nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: inakuambia wewe ufanye nini? Akaangalia chini. "Shem, anasema nimfuate. Anasema nipitie ziwani."

Nikasema twende hospitali sasa hivi. Mama mkwe akanijibu, "Nyathina, mwanangu, baba anamwita amwonyeshe mpaka wa shamba. Umesoma, lakini hukuzaliwa hapa." Mume wangu naye akaniambia nikimpeleka mdogo wake kwa nguvu, nisirudi kwake. Bwana mzima!

Nishaurini, nyinyi mlio na ndugu kama huyu. Nimchukue na polisi nipoteze ndoa, ama nifanye nini? Na msiniambie nivumilie. Jibuni leo, kwa sababu ng'ombe wananywa maji ziwani kila jioni, na ni yeye anawapeleka, peke yake.