Ufa wa Nyumba na Ufa wa Mguu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimnyang'anya mukwe wangu kopo la udongo mlangoni mwa kituo cha afya, nikalimwaga lote chini, watu wa foleni wakitazama. Mimi, ambaye kwa desturi yetu hata machoni mwa mukwe siangalii!

Nikuambie tulifikaje pale. Mguu ulikuwa wako. Ulikuwa na miaka minne, ukakanyaga kigae cha chupa uani kwetu Musonoi. Nkambo wako, yaani babu yako, baba wa tata yako na ndiye mukwe wangu, akaja mbio na udongo wa kichuguu uliosagwa, kama anavyowafanyia watu wote wa mtaa. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta," akasema, akaushindilia kidondani. Na mimi, mwenye diplome ya sekondari, ndiye niliyekushika mguu usirushe mateke. Methali ile ni ya nyumba, mwanangu. Siku ile sikuwa na akili ya kulisema hilo.

Siku ya nne mguu ulivimba kama muhogo uliolowekwa, ukanuka. Nikakubeba mgongoni hadi kwa muuguzi, Mama Béa. Alipokukamua usaha ulilia, nami nikalia kukushinda.

"Mama, mu udongo muko mikrobe, bidudu bidogo," akaniambia. "Inaikala yake mule, haina shida na mutu. Lakini inangoja mulango. Mutoto amekatika, mulango umefunguka, na nyinyi munaingiza bageni na kijiko! Siku mbili tena, tungekuwa tunazungumuzia mufupa."

Hapo nkambo wako akatokea mlangoni na kopo. "Mama Béa, ukimaliza kuosha, minaleta mupya. Ile ya kwanza ilikuwa ya kichuguu kidogo."

Ndipo nilipolimwaga. "Tata, kama iko dawa, kula!"

"Bamama ba mimba banaikulaka kila siku!" akajibu. Foleni nzima ikacheka.

Baraza la familia likanitoza kuku wa kuomba msamaha. Nilimpeleka, nikapiga magoti. Kosa la mdomo nililikubali. Lakini mguu wako ulikuwa bado umefungwa, na kopo lilikuwa limeshajazwa tena. Nikawaza: mukwe hapandishiwi sauti, lakini barua haina sauti. Nikamwandikia chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, nikaipeleka barua ofisini kwa katibu wake. Na katibu ni nani? Nkambo wako.

Barua ilisema: "Nalalamika juu ya mukwe wangu, anayeziba vidonda vya watoto kwa udongo. Najilalamikia na mimi, niliyeshika mguu. Naomba kopo lile lipigwe marufuku mtaani. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe kwa muuguzi siku ileile."

Aliisoma hadi mwisho, miwani puani. Akafungua droo kutafuta muhuri. Dole gumba lake lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe, safi, na fundo lile nililijua: la Mama Béa.

"Ni jembe ilinikata," akasema bila kunitazama. "Hiyo usiandike."

Akagonga muhuri: imepokelewa.

Basi, mwanangu, heshimu wakubwa, piga magoti, peleka kuku. Lakini mguu wa mtoto usiushike kwa ajili ya heshima. Mungu akupe miguu mizima, na siku utakapokuwa mukwe wa mtu, akuongezee masikio.