Migunga ya Machimboni
Sikuomba ruhusa ya mtu. Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni nilikuwa nagonga mawe kwenye machimbo ya chokaa nje ya Kiabakari, na upande tuliokwisha kuuchimba ulibaki mweupe, mtupu, hata mjusi hapiti. Bwana misitu alituletea miche ya mikaratusi, yote ikafa. Mimi nikaanza kubeba mavi ya mbuzi kutoka zizini kwetu, yenye mbegu za migunga waliyokula, nikawa nayamwaga kwenye nyufa za mawe kabla ya kazi.

"Unapanda mavi?" nyapara alinicheka.

"Ndiyo, napanda mavi. Wewe subiri tu."

Baada ya masika matatu migunga ilinifika kiunoni. Nyasi zikaja zenyewe, kisha kanga na vifaranga vyao. Nilikuwa nakula kiporo changu pale mchana, roho kwatu.

Biashara ilipofunguliwa, machimbo yakapata mwenyewe mpya. Amri ikaja: kifusi kimwagwe kwenye migunga, ndiko karibu. Na kanga mmoja alikuwa amelalia mayai! Nilikwenda nikakaa katikati ya njia panda, kulia kwenye migunga, kushoto kwenye shimo la mbali, mbele ya lori lililokuwa linakuja.

"Mama, toka hapo, ama kazi huna!" nyapara alifoka.

"Thubutu! Andika jina langu, kalamu si unayo? Sitoki."

Dereva akakanyaga breki, injini ikazimika. Nyapara akashika kichwa, maana lori lile halikuwa na betri. Tangu enzi za shida liliwaka kwa kusukumwa, na wasukumaji ni sisi wanawake. Akawaita wenzangu. Wakakunja mikono.

"Tulikuwaga tunasukuma bila hata asante," alisema mkubwa wetu, mjane mwenye mdomo kweli kweli. "Leo tunasukuma kushoto tu, kwenye mteremko wa shimo la mbali. Kulia sukuma na mkeo."

Nyapara alitukana, akabembeleza, mwisho akakaa chini juani. Kisha akamwambia dereva, bila kunitazama, akate kushoto. Tukasukuma, na bega la kwanza lilikuwa langu.

Jumamosi ile nilifukuzwa. Nililia, sifichi, nina watoto. Lakini wenzangu hawakusukuma kulia hata siku moja, na njia ile ikaota nyasi.

Mwaka uliofuata nyapara alibisha hodi kwangu na magunia matupu. Mwenye machimbo alitaka mashimo mengine nayo yaote miti. Alikuja kuomba samadi. Ndivyo alivyoyaita mavi siku hiyo, samadi.

Nikampa koleo.

"Zizi lile pale, baba. Beba mwenyewe."