Masale Katikati ya Njia

Sumari ni fundi cherehani, anashonea Ngarenaro, mjini Arusha. Majirani zake wa Lemara, anakoishi, husema maneno yake yote ameyashonea ndani ya mifuko ya watu. Ukimpelekea suruali akakuambia "itakaa", ujue amehutubia.

Lakini mtaa ulipotaka barabara, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Pale wanapokaa palikuwa shamba la kahawa la wazee. Likagawiwa wana, wana wakauza vipande, na wenye vipande wakauza vipande vya vipande, kama kitambaa kilicho mikononi mwa mtu asiyejua anashona nguo gani. Nyumba zikaota, njia zikasahauliwa. Mgonjwa alibebwa kwenye kiti, na mchanga wa kujengea ulimwagwa barabara ya juu, ukashushwa kwa ndoo.

Mpima ardhi alipokuja, kila mwenye kiwanja aliombwa amege kidogo, ili barabara ya juu ishuke ikutane na kichochoro cha chini. Sumari akakata migomba yake mstari mzima, hata ile ya mishare, ndizi za kupika alizozipenda. Binti yake mkubwa, Anneth, alikwenda kuolewa kwa miguu, ameshika juu gauni aliloshonewa na baba yake, tope likimfuata hadi kanisani. Sasa ilikuwa zamu ya Vaileth, na Sumari alitaka jambo moja tu: gari la bibi harusi lisimame mlangoni pake.

Barabara ikashuka vizuri mpaka kwa jirani yake wa juu, Lerionka, mfuga ng'ombe wa maziwa. Hapo ikagota kwenye masale, mimea ya majani marefu iliyopandwa mpakani.

Masale yale hayakuwa ua tu. Zamani ng'ombe wa baba yake Lerionka waliingia migombani mwa baba yake Sumari. Wazee wakanuniana miaka, na siku walipopatana wakayapanda pamoja. Masale ya namna hiyo hayang'olewi na mtu mmoja. Ukiyang'oa, umeng'oa na amani.

Basi Sumari akamngoja Lerionka aseme. Kila asubuhi Lerionka alimpitishia maziwa juu ya masale, akakohoa, akaenda zake. Sumari akajisemea: huyu hataki. Na mpima alikuwa arudi Jumatatu kuweka mawe ya mipaka. Akiyakuta masale pale, barabara ingeishia kwa Lerionka.

"Baba Vaileth," mkewe Elieshi akamwambia, "unangoja masale yaote miguu?"

"Aanze yeye. Ng'ombe walikuwa wa kwao."

"Na migomba ilikuwa yenu. Vaileth nimwambieje, aruke?"

Jumapili, baada ya ibada, Sumari akachuma jani la masale akalifunga fundo, kama afanyavyo Mmeru anayekwenda kuomba jambo zito. Ikambidi azunguke mtaa mzima kumfikia mtu ambaye moshi wa jiko lake humwingia dirishani. Njiani aliyapanga maneno vizuri. Alipofika yalikuwa yameisha, akanyoosha jani tu.

Lerionka, mtu wa sauti kubwa, akatoka zizini. Akalitazama jani. Kisha akainama kando ya zizi, akang'oa nyasi mbichi, akazishika mbele yake, kama Waarusha wanavyofanya wakitaka amani.

"Fundi, nilidhani wewe ndiye hutaki."

"Mimi?"

"Kila nikikupa maziwa unayakazia macho hayo masale. Nikasema, huyu Mmeru, nikiyagusa tu atakuja na panga."

"Nilikuwa nangoja useme."

"Niseme nini? Marehemu mzee alinionya, nikiyagusa peke yangu ng'ombe watakauka maziwa. Na wewe mwenyewe, kukutoa neno ni kazi kuliko kukamua dume."

Sumari akacheka mpaka akaketi kwenye ndoo ya maziwa.

"Tusiyang'oe," akasema alipotulia. "Tuyageuze. Yamelala kukata njia, tuyapange yafuate njia."

Jioni ile wakayahamisha mche kwa mche. Sumari akapanda upande wa Lerionka, Lerionka akapanda upande wa Sumari, wakisahihishana mistari kama watoto. Nalepo, mke wa Lerionka, akaleta maziwa ya mgando, Elieshi akaleta ndizi na mahindi yaliyopikwa, vikachanganywa kuwa loshoro, ikaliwa palepale katikati ya barabara, kwa kuwa sasa ilikuwa barabara. Wa kichochoro cha chini wakapanda kuuliza kuna nini, wakapewa vikombe.

Jumatatu mpima akapita, akatazama juu, akatazama chini, akaweka mawe yake kando ya masale.

Siku ya harusi gari likashuka polepole, maua yakitikisika, likasimama mlangoni kwa Sumari. Vaileth akatoka na viatu vyeupe, akapanda. Dereva akataka kurudi kinyumenyume alikotoka, Lerionka akampigia kelele ashuke tu, njia inatokea chini. Gari likashuka, likapita kichochoro cha chini ambacho hakijawahi kupitiwa na bibi harusi kwa gari, kina mama wakipiga vigelegele mlango kwa mlango.

"Baba Vaileth, na wewe sema neno," Elieshi akamwambia.

Sumari akaitazama barabara, kutoka juu mpaka chini.

"Imekaa," akasema.