Niliificha Barua ya Rufaa Mpaka Harusi Ipite

Nimekosa, jamani, tena nimekosa kwa akili zangu timamu. Sitaji jina kwa sababu mdogo wangu mpaka leo hajui.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, amechumbiwa na kijana wa Mwazye. Mimi ndiye dada mkubwa, nimemlea kwetu Mollo tangu mama afariki. Wiki tatu kabla ya harusi akaanza kudondosha vikombe. Vifungo vya blauzi vikamshinda. Mara anajikwaa pasipo na kitu. Nikamfokea, "Mawazo ya harusi hayo!"

Maumivu ya shingo yalipomzidi, nikampeleka hospitali. Daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, miguu ikaruka kuliko kawaida. Akamwambia atembee kwenye mstari mmoja. Akayumba kama mlevi.

Akapelekwa chumba cha pili kuvalishwa kola ya shingo. Mimi daktari akanikabidhi barua ya rufaa. "Mama, uti wa mgongo unabanwa hapa shingoni. Hata vijana tatizo hili linawapata. Nendeni Mbeya kesho akapigwe picha ya MRI. Msisubiri!"

Nikawaza ukweni. Wakisikia bibi harusi ana ugonjwa wa uti wa mgongo, si watarudi nyuma? Barua nikaisokomeza chini ya godoro.

"Daktari kasemaje, dada?"

"Msuli tu. Picha tutapiga baada ya harusi."

Akaniamini!

Siku yenyewe nilimvua kola kwa mikono yangu hii, eti isiharibu picha. Kanisani pete ilimponyoka mara mbili, watu wakacheka, wakadhani ni furaha. Ukumbini alicheza kidogo, akanishika bega.

"Dada, miguu siisikii."

Akakaa chini. Hajasimama tena.

Mbeya walimfanyia upasuaji. Daktari bingwa akasema wamezuia ugonjwa usiendelee, ila nguvu zilizokwisha kupotea hawezi kuahidi kuzirudisha. Akauliza, "Mbona mmechelewa hivi?"

Mdogo wangu akajibu akiwa kitandani: "Daktari wa kule nyumbani alituambia ni msuli."

Yule daktari wa watu, akabebeshwa kosa langu! Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Mungu wangu, nikanyamaza!

Na wale wakwe niliowaogopa? Hakuna aliyemkimbia. Mumewe humsukuma kwenye kiti cha magurudumu kila Jumapili mpaka kanisani. Mama mkwe humlisha uji wa ulezi kwa kijiko.

Mara ngapi nimekaa mbele yake nikitaka kusema! Mdomo haufunguki. Nasikia tu sauti ya daktari: msisubiri, msisubiri.

Wenzangu, kijana akianza kudondosha vitu, mikono ikifa ganzi, akiyumba, msiseme ni mawazo wala ulevi. Mpelekeni hospitali. Mkipewa barua, ondokeni. Harusi inaahirishwa, na aibu yake inaisha. Mimi nimehamia kwao kumtunza; kila asubuhi namwogesha, naosha lile kovu nyuma ya shingo, naye ananiambia, "Asante, dada. Bila wewe ningekuwa wapi?"