Lori la Mureithi

Daktari Nzilani Munguti alikuwa mhadhiri wa uchumi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitoka nyumbani kwake Kitengela kwenda kijiji cha Kimuka kuzihoji familia zilezile. Alitaka kujua, mji unapokua na pesa kuongezeka, ni nani hasa anazipata. Sasa jibu alikuwa nalo: wengi waliouza ardhi yote mapema walikuwa wamerudi nyuma, na waliokodisha au kuuza kipande tu walikuwa wamesonga mbele.

Wenyeji walimwomba awaelezee matokeo katika ukumbi wa kanisa. Hapo ndipo usingizi ulipompotea. Hakumtaja mtu kwa jina, lakini mfano wake mkuu ulikuwa mzee aliyeuza shamba lote akanunua lori, na lori likapinduka barabarani pale Kona Baridi. Kimuka nzima mzee wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, Mureithi. Bila mfano huo ingebaki michoro mitupu. Akiutumia, angemwaibisha mtu aliyempokea kwa chai kila mwaka.

"Si umwulize mwenyewe?" mumewe Mbuvi akamwambia.

Alimkuta Mureithi akimkatia ng'ombe wake nyasi kando ya barabara. Akajieleza.

"Mzee Mureithi, nikisema hivyo watu watajua ni wewe. Ukikataa, naitoa kabisa."

Mzee akaweka panga chini.

"Daktari, unafikiri hawajui? Si ni wao walikuja kuinua hiyo lori?" Akacheka, kisha uso ukamtulia. "Lakini wewe usiseme. Nitasema mwenyewe."

Siku ya mkutano, Nzilani alipofika kwenye mfano ule, Mureithi alisimama.

"Huyo wa lori ni mimi. Watu wananiita mjinga. Mimi nilichoka kuitwa tajiri wa shamba na sina hata nauli ya kwenda Ngong. Wewe ungefanya nini?"

Halafu mama mmoja, Ann, akauliza mtu anaweza kukodisha vipi bila mpangaji kukataa kuondoka shambani. Kijana akasema Daktari amekosea, ndugu yake aliuza yote na yuko sawa kule Embulbul. Mwingine akamkatiza. Muda si muda watu wote walikuwa wakibishana, na sauti ya Mureithi ndiyo ilikuwa juu kuliko zote. Nzilani akarudi kwenye kiti. Hakuna aliyemwangalia.

Baadaye, akiwa ndani ya gari, akampigia Mbuvi.

"Wamekufukuza?"

"Wamenisahau kabisa!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavua viatu, akafungua mfuko wa mahindi ya kuchoma aliyopewa na kina mama wa pale ukumbini, akala yote palepale, maana tangu jana hakuwa amekula kitu.