Wangechi Ashika Tena Sinia ya Meza ya Bwana

Kwa miaka mingi kanisani kwao Kitale, Wangechi, mama yake Kagwe, ndiye aliyezungusha sinia ya Meza ya Bwana, ile yenye vikombe vidogo vya divai. Halafu mkono wa kulia ukaanza kumtetemeka. Kwanza kidogo tu, akimimina chai. Baadaye hata kufunga kifungo cha blauzi ikawa kazi. Jumapili moja vikombe viligongana, divai ikamwagika, na nyuma mtu akanong'ona, "Si huyu atakuwa anakunywa kitu?" Wangechi hajaonja pombe maishani mwake. Alirudisha sinia mezani, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kiti cha nyuma.

Dawa zilisaidia, kisha zikashindwa. Ndipo daktari akamweleza habari ya nyaya nyembamba zinazoingizwa ndani ya ubongo, zikipata umeme kidogo kutoka kwa betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua. "Ugonjwa hautapona, mama, na si kila mtu inamfaa. Lakini wewe tumekupima. Mkono unaweza kutulia."

Wangechi aliomba, akakubali. Huko Nairobi walimfanyia upasuaji akiwa macho, kichwa kimeshikwa kisisogee, na kikombe cha maji mkononi. Umeme ulipowashwa, maji yakatulia kikombeni. "Asante Yesu!" akapaza sauti.

"Omba tu, mama," daktari akacheka, "lakini bado tunakuhitaji utulie."

Akina mama wa kanisa walipokutana Bungoma, walimwomba azungushe sinia tena. Nasimiyu, mwenyekiti wao, akampokea mlangoni na beji mpya.

"Mama Kagwe, siku hizi hatutoboi nguo za watu, bana. Hii inajishika na sumaku." Akambandika kifuani, upande wa kushoto, akarudi nyuma kuangalia kama imenyooka. "Umependeza!"

Wimbo ukaanza. Wangechi akainua sinia, akapiga hatua mbili, na vikombe vikaanza kulia.

Akaona macho ya watu, akakumbuka ule mnong'ono. Lakini safari hii hakukimbilia nyuma. Akaweka sinia mezani polepole, akajiuliza: asubuhi nimemimina chai bila shida, sasa nini kimebadilika? Akainamisha macho, akaona beji. Imekaa juu ya betri yake sawasawa! Na daktari alishamwonya juu ya sumaku.

Akaibandua, akampa Nasimiyu. Akatoa mkobani kidude alichopewa hospitalini, akakiweka kifuani na kubonyeza. Akangoja, midomo ikisali.

Nasimiyu akasogea karibu. "Ni nini, dada?"

"Beji yako ilikuwa imenizima, Mama Hesbon. Nimejiwasha."

"Ati nimekuzima? Mungu wangu, mbele ya pasta!"

Akina mama wa mbele wakaziba midomo, mabega yakiwatingika. Nasimiyu akaibandika beji kwenye mguu wa kiti cha chuma, mbali kabisa, akakisukuma kiti chenyewe kwa kiatu.

Wangechi akanyoosha mkono wa kulia mbele yake. Umetulia. Akainua sinia, akaanza na kiti cha mbele, akaenda taratibu, mama mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kile cha nyuma kabisa. Hakuna tone lililomwagika.