Nilivyorekodi buraanbur ya shangazi kwa simu hapa Iftin, na metronome ilivyoniponza

Wakuu, salaam aleykum, na poleni na jua kwa mlio upande wetu.

Huwa nasoma nyuzi zenu za studio za nyumbani na kupita kimya. Leo acha nami nichangie. Haya yamenikuta mwenyewe, si chai ya kutunga. Dada yeyote asiyeamini aje Garissa nimpe headphones asikilize. Wanaume mtaniamini tu, sababu mtaiona mbele.

Mimi ni dada wa Iftin, mtaa wa hapa Garissa. Asubuhi nafundisha chekechea, jioni natengeneza beat. Studio ni chumba changu cha kulala: simu ya Android, interface ndogo ya USB ya kuunganisha mic na simu, mic ya condenser niliyonunua ikiwa imetumika, headphones, na kibodi ya MIDI yenye kitufe kimoja kilichokufa.

Ngoma natengeneza kwa app moja, sauti narekodi kwa nyingine, halafu namix zote huko kwa ya pili. Interface inakula chaji vibaya, kwa hiyo naipitishia kwenye USB hub yenye umeme wake. Joto je? Wacha tu. Feni huwezi kuwasha, mic inaisikia. Simu naivua kava na kuilaza sakafuni kwenye simiti, la sivyo app inajifunga katikati ya kazi.

Sasa kisa chenyewe.

Eeddo Khadra, dada yake baba, ana binti mmoja tu, Hodan. Nikaha ilifungwa hapa nyumbani. Sherehe ya wanawake ikapangwa Masalani, kwa kina bwana harusi. Basi kabla ya siku hiyo eeddo akateleza bafuni akavunja mguu. Plasta mpaka juu ya goti. Daktari akasema safari hakuna.

Kwa wasiojua, buraanbur ni mashairi ya wanawake. Mmoja anaimba, wenzake wanapiga makofi na ngoma, na anayeguswa anaingia katikati kucheza. Mama ya bibi harusi anataja ukoo wa binti yake, anamsifu, anamwombea dua mbele ya wakwe. Bibi harusi akikosa hayo, watu hawasemi kitu, lakini wanaona. Na eeddo ndiye huwaimbia binti za watu mji mzima! Wa kwake ndiye akose?

Hodan alinipigia analia. "Walaal, ndugu yangu, nitakaa pale kama niliyeokotwa."

Tulijaribu voice note ya eeddo kwanza. Nikaichezesha kwa spika kubwa, ikatoka kama mtu anaongea ndani ya debe. Ndipo nikasema hii ni kazi yangu, niachieni.

Nikajiamini kweli kweli. Nikamleta eeddo chumbani kwa kiti cha magurudumu, nikaning'iniza mablanketi pande zote, nikamvalisha headphones, nikawasha metronome, nikamwambia afuate ile tik tik.

Eeddo akaimba huku amekunja uso kama anayemeza dawa. Sikujali. Usiku ule... hapana, jioni ile ile, nikakata sauti yake vipande vipande, nikavipanga kwenye gridi, ile mistari ya mapigo ya app, kila neno mahali pake. Nikaweka ngoma, nikaweka bass. Wakuu, ilikuwa safi! Nilicheza peke yangu chumbani.

Nikampelekea asikilize. Tunaongea Kisomali, nawatafsiria.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, eeddo."

"Si mimi. Mimi nikifika kwa jina la mama yangu nasimama kidogo. Huyu mbona hasimami? Anakimbizwa na nani?"

Akavua headphones, akageuza uso ukutani. Kisha akasema polepole, "Kama ni hivi, heri Hodan akose." Jamani, nilihisi nimepigwa kofi. Nililia, siwafichi.

Hooyo, mama yangu, ndiye aliyenifungua macho, na hajui hata app ni nini. Akaniambia, "Umemfungia mwenzio ndani ya blanketi peke yake. Umeona wapi mtu akaimba buraanbur bila wa kumuitikia?"

Ni kweli tupu. Kwenye buraanbur mwimbaji ndiye kiongozi, ngoma inamfuata yeye. Akivuta pumzi, ngoma inangoja. Mimi nilianza na ngoma, halafu nikamlazimisha mtu aifuate. Nimehudhuria harusi tangu utotoni, lakini nikishika simu nakuwa mtu wa YouTube!

Nikaanza upya. Mablanketi nikashusha, metronome nikazima. Nikaita majirani wachache, hooyo akashika ngoma. Mic nikaiweka karibu na eeddo, na simu ya hooyo nikaiweka mlangoni irekodi makofi. Nikapiga kofi moja kali mwanzoni ili baadaye nioanishe rekodi mbili. Hiyo mbinu chukueni, ni ya bure.

Sauti ziliingiliana, mbuzi wa jirani akachangia, mafundi humu mngezimia. Lakini eeddo alipofungua mdomo, nywele zilinisimama. Akataja bibi zake mmoja mmoja. Alipofika kwa jina la Hodan, sauti ikamkatika. Kimya. Kisha akaendelea.

Kidole changu kilikuwa tayari kufuta kile kimya. Nikakiacha. Niliondoa mngurumo wa chini, nikapandisha sauti kidogo, basi.

Nikasafiri nayo hadi Masalani. Ukumbini simu zote zilikusanywa mlangoni, maana kule mabuibui yamevuliwa na sauti za wanawake hazitoki nje. Yangu tu iliruhusiwa, ya kuchezesha na kurekodi sauti, ili eeddo naye asikie.

Nikabonyeza play.

Wakwe wakageukia spika. Kisha makofi yakaanza, mmoja, wawili, ukumbi mzima. Lilipotajwa jina la Hodan na sauti ikakatika, hakuna aliyepiga kofi. Na hapo Hodan, ambaye hajawahi kuimba mbele ya watu, akasimama na kumjibu mama yake. Ubeti wake mwenyewe, sauti ya kutetemeka. Vigelegele wacha!

Niliporudi Garissa nilimvalisha eeddo headphones bila kumwambia kitu. Akasikiliza, akatabasamu kujisikia. Kisha akashtuka, akanishika mkono.

"Nani huyo anaimba?"

"Hodan."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Nilichojifunza: vifaa vya bei ndogo vinatosha, alhamdulillahi, lakini jua kwanza muziki unaorekodi unaongozwa na nani. Si kila kitu kinataka gridi.

Nanyi mlioko Wajir, Lamu, popote, mnaorekodi nyimbo za nyumbani kwa simu, mnafanyaje mwimbaji asipotaka kufuata beat? Nifundisheni. Na anayetaka kuniomba clip asijisumbue. Hiyo ni ya Hodan na mama yake.